Fimbo ya Pili Haikutundikwa

Shemeji Kazungu, mume wa dada yangu,

Barua hii naisoma kwa sauti katika ukumbi wa chuo chetu hapa Malindi, mbele ya mafundi wanaohitimu leo na wazazi wao. Kiti chako katika safu ya mbele ki wazi. Nilikualika kwa maandishi, ukajibu kwamba kazi za reli zimekubana. Basi niliyokusudia kukuambia ana kwa ana nitayasema mbele ya hawa, nawe yatakufikia leo hii, kwa kuwa ndugu zako wawili wameketi pale nyuma.

Nianze na wema wako, nisije nikaambiwa nina moyo wa shubiri. Ni wewe uliyeniingiza katika kazi hii. Ulipokuja kijijini kwetu Barani kumposa dada yangu Dhahabu, ulinikuta juu ya paa nikipigilia mabati. Ukawaambia wazee, "Huyu haogopi kupanda. Nipeni na yeye." Mama akacheka: "Mchukue, ila usinirudishie mvivu."

Mwaka uliofuata tulikuwa pamoja ng'ambo ya mpaka, katika njia kuu ya treni za umeme, tukihudumia waya unaopita juu ya reli. Ulinifundisha jinsi jua la saa saba linavyoulegeza, na jinsi waya uliolegea unavyoweza kuunasa ule mkono wa chuma ulio juu ya paa la treni na kuung'oa. Ulinitania bila kuchoka. "Mtoto wa Barani umelelewa kivulini! Sisi wa Jilore jua hili tumelilimia." Nami nikikujibu, "Mahindi yenyewe tuliyaona, shemeji. Jembe lilikuwa refu kuliko mahindi." Tulikuwa tukicheka hadi vibarua wanasimamisha kazi kututazama. Nilikupenda. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu chuki yangu imetoka humo.

Ulinifundisha pia sheria iliyo juu ya sheria zote. Kabla ya mtu kuugusa waya, umeme hukatwa, kisha fimbo mbili za kushusha umeme ardhini hutundikwa wayani, moja kila upande wa mahali pa kazi. Umeme ukirudi kwa ajali, huteremka ardhini kupitia fimbo, usimfikie fundi. Na anayepanda sharti aende mwenyewe, kwa miguu yake, akazione fimbo zote mbili.

Siku ile kishikilio kimoja cha waya kilikuwa kimekatika, nao umelegea. Treni ya abiria ilikuwa imesimama nyuma yetu, upande wa kaskazini, na simu kutoka chumba cha udhibiti hazikukupa nafasi ya kupumua. Niliitundika fimbo yangu upande wa kusini. Yako ilipasa kuwa kaskazini, nyuma ya kona, mwendo wa dakika kumi. Nikakuuliza kama iko tayari.

"Iko tayari. Panda."

Nilipiga hatua kuelekea kwenye kona. Ukanitazama mbele ya vibarua wote. "Ala! Unakwenda kunikagua mimi?"

Nikaona haya. Kwetu mume wa dada hakaguliwi. Hupishwa mlangoni, hupewa mnofu, na neno lake halipimwi hadharani. Adabu niliyolelewa nayo ikanirudisha. Nikapanda.

Kumbe treni ilikuwa imeruhusiwa kusogea. Mkono wa paani ulikuwa bado unagusa waya, na ulipofika pale kipande chenye umeme kinapokutana na kipande chetu kilichozimwa, uliviunganisha. Umeme ukanijia kutoka kaskazini. Fimbo yako ilikuwa kwenye gari letu la kazi, ingali ndani ya mfuko wake. Niliiona waliponilaza kando yake.

Mkono wangu wa kulia ulikatwa chini ya kiwiko. Hospitalini ulikaa kitandani pangu, ukaninywesha uji kwa kijiko, ukalia. Nikakusamehe kabla hujaniomba. Wiki moja baadaye nikasomewa ripoti yenye sahihi yako: fundi alipanda bila idhini, kabla fimbo ya pili haijatundikwa. Kwa hiyo nikafukuzwa kazi, na kila kikosi cha reli kikanijua kwa jina la mzembe. Msamaha wangu uliishia hapo. Mkono uliuondoa kwa haraka na woga, nami naweza kuuelewa woga. Jina langu uliliondoa umeketi kwenye kiti, kalamu mkononi, umetulia.

Nilinyamaza kwa ajili ya Dhahabu. Wazee walinisihi nisiivunje nyumba ya dada yangu. Krismasi ukaja kwetu, ukapewa kiti chenye mto, ukawaambia wajomba, "Huyu angenisikiliza angekuwa na mikono miwili." Wakati huo nilikuwa nimekuinamia, nakumiminia maji ya kunawa kwa mkono wa kushoto. Nikasema, "Karibu chakula, shemeji."

Ijumaa iliyopita uliwatuma wazee tena, baada ya kusikia kwamba nitahutubu leo. "Taja kosa, mwanangu," mmoja akaniambia, "usimtaje mtu."

"Yeye aliponiandika, alitaja kosa peke yake?"

Niliwapa sharti moja: uiandike ripoti upya, kwa ukweli. Wakakupigia simu mbele yangu, na sauti yako ikajaa chumba. "Huyo kilema amepata kazi ya kufundisha, anataka nini tena?"

Dhahabu alikuwa amekuja nao. Alisikia kila neno. Akaniambia, "Mtaje."

Nimekutaja. Ripoti yako nimeijibu kwa barua nyingine, na wakubwa wako wanayo. Lakini sitawategemea wao, maana wakubwa husahau. Jumatatu wanane kati ya hawa waliovaa majoho wanaripoti kwenye kikosi chako. Nimewafundisha yote uliyonifundisha, na siku ile nimewasimulia, pamoja na jina lako, mara nyingi kuliko somo lolote.

Hawatakuvunjia heshima. Watakupa shikamoo, watakuita mzee. Kisha watasimama chini ya nguzo, wamekunja mikono, hadi mwenzao mmoja atembee kwenda nyuma ya kona na kurudi. Treni itangoja na simu zitalia. Nawe utangoja pamoja nao juani, ukitazamwa na vibarua, kila siku ya kazi mpaka ustaafu, ukijua ni nani aliyewafunza kutokuamini neno lako.

Dhahabu hakutumii salamu. Nami nakuaga hapa, mbele ya mashahidi.

Mdogo wa mkeo