Bahasha Chini ya Mguu wa Meza

4 Machi

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo. Goti linanisumbua nikipanda ngazi za dukani, lakini tumeshazoeana.

Usikasirike kwamba sipokei simu. Humu dukani televisheni nne zinapiga kelele kwa pamoja na kila mteja ni refa. Wewe andika tu.

Bahasha ya Chama imefika, ile nene yenye lakiri. Nimeiweka chini ya mguu wa meza ya mashine ya tiketi, maana ilikuwa inatetemeka mpaka tiketi zinatoka na maandishi ya kulewa. Sasa imetulia, kwa hiyo sitasema tena kwamba Chama hakinisaidii. Tulipokianzisha, mimi na wenzangu sita wenye maduka ya kubeti, tulitaka kitu kimoja: serikali isitufungie sisi wenye leseni kwa makosa ya wasio nayo. Tulikuwa na meza moja na mhuri. Leo ninyi wa ofisini mna semina, mna kalenda yenye sura zenu, na mna sheria za kunifundisha kazi niliyoifanya miaka thelathini na mitatu.

Fundi Saa anakusalimu. Bado anakuja kila siku saa nne kamili, mkeka wake wa timu za kubetia ameshauandika nyumbani. Anasema ulipokuwa mdogo ulimvunjia saa mbili za wateja, na hajasahau.

Baba yako

*

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeisha. Pole na goti. Ile dawa ya kuchua iko kwenye kabati la vikombe, na haikuwekwa pale kuwa pambo.

Baba, bahasha ile si ya kutegemeza meza. Ndani kuna daftari la picha. Watu walioshindwa kuacha kubeti wanakuja ofisini kwetu, wanajaza fomu, wanaacha picha, na wanaomba maduka yote ya wanachama yasiwapokee kwa mwaka mzima. Tunalituma kwa kila duka, nanyi mnaliweka nyuma ya kaunta, mahali mnapoliona ninyi tu. Ni sharti la uanachama, na bila uanachama hutapata leseni mpya mwezi wa saba.

Majina hatuyataji kwenye barua wala kwenye simu, hata kwa ndugu. Kwa hiyo siwezi kukuambia kilichomo. Nakuomba uifungue tu. Hapa anayeomba ni mimi, si Chama.

Mwanao

*

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Dawa nimeiona, inanuka kuliko goti lenyewe. Kazi haijakuchosha?

Umekuwa mkali kama mtu wa kodi. Picha za nini? Wateja wangu nawajua hata kwa kikohozi. Asiyefaa kucheza namwona akiwa bado ngazini.

Anayenitia wasiwasi kidogo ni Fundi Saa. Juzi nilimpa saa yangu ya mkono aitazame, akasema kile kioo chake cha jichoni ameshakiuza, na vikoleo vyote pia. Eti macho yamechoka. Tena ana tabia mpya. Akifika kaunta hanipi mkeka mara moja, anasimama tu ananitazama. Jana akaniuliza, "Huna la kuniambia?" Nikamwambia, "Nikuambie nini, mzee mwenzangu? Timu yako mbovu." Akacheka, akaniachia mkeka. Nilimhudumia palepale. Rafiki wa miaka arobaini hapangi foleni kwangu.

Bahasha nitaifungua nikipata kipande cha ubao cha kuweka mahali pake.

Baba yako

*

11 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo.

Leo naandika kama ofisa wa Chama, na nakala ya barua hii inabaki kwenye faili. Tumepokea malalamiko dhidi ya duka lako. Mlalamikaji alijiandikisha kwenye daftari la picha mwezi wa pili. Anasema tangu bahasha zitumwe amekuja kwako mara thelathini na mbili, na mara zote umempokea. Kamati itakaa tarehe 6 Mei. Inaweza kukuonya, kukufungia duka, au kukufuta uanachama. Mimi nimejitoa kwenye kikao kwa sababu ni mwanao.

Mwisho wa malalamiko ameandika maneno haya, nayanakili kama yalivyo: "Sitaki aadhibiwe. Nilijaza fomu kwa sababu duka lake ni la Chama. Kumwambia kwa mdomo wangu nilishindwa. Kila siku naenda nikingoja anikatalie, naye ananipokea vizuri."

Inua meza, baba.

Mwanao

*

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Afya ipo. Usingizi ndio umepungua.

Meza niliinua siku ileile barua yako ilipofika. Ukurasa wa pili, picha ya tatu. Amevaa lile koti alilolivaa kwenye harusi yako, nadhani hakuwa na picha nyingine nadhifu. Niliona aibu, mwanangu. Nilitamani kujificha chini ya kaunta yangu mwenyewe.

Kesho yake akaja saa nne kamili, akasimama, akanitazama. Nikamwambia, "Leo sikupokei."

"Kwa nini?"

"Chama kimekataa."

"Chama nakijua," akasema. "Nakuuliza wewe."

Nikamwambia mimi ndiye nimekataa. Akaukunja mkeka, akautia mfukoni, akasema ahsante kama mtu aliyerudishiwa chenji yake, akashuka ngazi.

Mbele ya kamati sikujitetea. Mwenyekiti, ambaye zamani mimi ndiye niliyemdhamini ajiunge, alikuwa akinitafutia pa kutokea. Akauliza kama labda bahasha ilichelewa posta. Nikasema haikuchelewa, nilikuwa nimeweka meza juu yake. Wawili wakacheka, kisha wakaacha. Wameniambia ningoje barua.

Baba yako

*

20 Mei

Baba,

Shikamoo. Goti na usingizi vinaendeleaje?

Uamuzi ndio huu: duka litafungwa siku ishirini na moja kuanzia tarehe mosi Juni. Leseni yako haitaguswa.

Picha ile niliibandika mimi. Alikuja mwenyewe ofisini, akashtuka kunikuta mezani, akaniomba nisikuambie. Sheria nayo ilinikataza, nikajificha nyuma yake. Alipotoka nilifunga mlango nikalia, kisha nikaendelea kubandika. Kila ulipoandika habari zake nilikukasirikia, na mimi mwenyewe nikajikasirikia.

Je, bado anakuja?

Mwanao

*

12 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Goti lile lile, usingizi umerudi.

Duka limefunguliwa na leseni mpya iko ukutani. Bahasha yenu ya pili nimeifungua ngazini, kabla ya kuingia ndani. Mashine nimeiwekea ubao.

Anakuja. Kila siku saa nne ananiuliza, "Leo vipi?" Namwambia, "Leo hapana." Anashukuru, anaondoka. Hata siku zile ishirini na moja alikuja, nikamjibu nikiwa nimekaa ngazini mbele ya duka lililofungwa.

Jana saa nne ilipita, hakuja. Ikafika na robo. Nyuma ya nyumba yake, unakumbuka, kuna kile kibanda cha kubeti kisicho na leseni. Kule hakuna Chama, hakuna daftari, na hakuna anayekataliwa. Nikazima televisheni zote nne, nikawatoa wateja sita ambao bado wananilalamikia mpaka leo, nikafunga duka, nikachechemea hadi kwake.

Nilimkuta amekaa kitandani, amevaa lile koti na viatu, mkeka uko mkononi. Hakuuliza kitu. Nikamwambia, "Leo hapana."

Nikakaa kando yake. Baadaye akainama, akavua kiatu kimoja, halafu cha pili.

Baba yako