Sauti ya Mkalimani

Mwenzangu, ngoja nikusimulie! Mdogo wangu leo hatimaye kaenda kwa wakili wa msaada wa kisheria wa bure. Si unamjua mumewe, aliyemleta huku ughaibuni kwa kibali chake? Kila akimpiga anamwambia, "Nenda kashtaki! Utarudishwa kwenu, mtoto abaki hapa."

Basi wakili akamwambia sheria ipo. Mke anayeteswa anaweza kuomba kibali chake mwenyewe cha kuishi nchini, mume hasaini wala haambiwi. Lakini mdogo wangu lugha ya huku anaielewa kidogo tu, kujieleza kunampiga chenga, kwa hiyo wakampigia mkalimani, simu ikawekwa mezani kwa sauti.

Mkalimani akasema, "Habari yako, dada."

Ni shemeji yake!! Kaka wa mume, tumbo moja! Nakuapia, shemeji!

Akaganda na mtoto mapajani. Angejibu tu, angetambuliwa. Mkalimani anarudia, "Dada, unanisikia?"

Akanyoosha mkono, akaikata simu ya wakili. YEYE! Huyu asiyeweza hata kumkatalia mtu chai! Kisha kwa lugha ya kuokoteza akasema, "Huyu ndugu ya mume. Mimi sema mwenyewe."

Na akasema, mwenzangu. Neno moja moja, na akikwama anaonyesha kwa mikono: mlango, mkanda, shingo. Wakili akamsubiri mpaka akamaliza.

Sasa wako kwangu, yeye na mtoto. Hataki kuvua viatu, kila gari likipita anachungulia dirishani. Namwambia tulia, shemeji hakusikia hata pumzi yako.

Ananijibu, "Hata angesikia, dada. Mimi nimeshasema."