Kavira Ameandikwa, Sita Bado

Prefe wangu,

Nimemaliza kusahihisha kopi za darasa la tano na nimekaa kwenye kiti chako cha mkuu wa shule. Niliapa sitakikalia. Lakini changu kilivunjika mguu wiki iliyopita na hakuna aliyekuja kukitengeneza. Unisamehe. Tangu nilipokuwa mwanafunzi wako kule Butembo ulikuwa unanicheka kwa Swahili yangu ya kitabu: "Masika, sema kama mutu wa kwetu." Leo naandika kama mkono unavyotaka. Nimechoka mno kuchagua maneno.

Mapano ya jua, zile sahani za kutoa umeme, yamefika. Yako juu ya paa la darasa la sita, yanaelekea upande wa barabara, na asubuhi yanang'aa hata mtaa wote wa Bungulu unayaona. Ulikwenda kwenye mikutano mingapi kwa ajili yake? Nakumbuka siku uliporudi na nakala ya mapatano ya serikali mbili, yetu na ya Uganda, umeikunja mara nne kwenye mfuko wa koti. Ulituita sote kiwanjani ukatusomea kwa sauti: shule za karibu na mpaka zitapata umeme safi, na watoto waliokimbia vita wakasoma ng'ambo watapokelewa huku na karatasi zao za kule. Ulikuwa unasoma kama mtu anayesoma Injili. Mimi nilikuwa naangalia mawingu, nikifikiria nguo nilizoanika.

Lile grupu la mazuti, jenereta letu la zamani, tumelisukuma nyuma ya vyoo. Kuku wa sentineli anayetulindia geti wanataga humo. Siku fundi alipowasha, imprimante ikachapa karatasi ya kwanza ya mtihani bila moshi, bila kelele, na wanafunzi wakashangilia mpaka watu wa barabarani wakaja kuchungulia. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukuta. Ulipaswa kuwa pale, Prefe. Si haki kabisa.

Hiyo ni nusu ya karatasi yako. Nusu nyingine, ile ya watoto, ilibaki karatasi.

Unawakumbuka wote saba waliorudi kwetu, najua. Zaidi ya wote Kavira, yule mrefu, aliyetoka karibu na Oicha amebebwa mgongoni na mama yake, akakulia kambini ng'ambo, akasoma kule kwa Kiingereza mpaka wakarudi. Alijifunza Kifaransa hapa kwetu kwa kunakili kamusi ya shule, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka huu ndio wake wa kufanya mtihani wa taifa. Na kule kwenye biro ya elimu walisema tena vilevile walivyokuambia wewe: "Hii karatasi ni ya Kiingereza. Ekivalansi, karatasi ya kusema masomo ya kule ni sawa na ya kwetu, iko wapi? Bila ekivalansi, jina hapana kuingia kwa liste."

Sasa niseme lile ambalo nimelikwepa tangu mstari wa kwanza.

Siku ile ulipotaka kwenda kuwadai ekivalansi za watoto uliniambia, "Masika, twende Kasindi wawili. Weye unajua Kiingereza, utanisaidia kusema na bale ba ng'ambo." Nami nikakujibu, mbele ya walimu wengine, "Prefe, mimi nimechoka. Kila mara ni kungoja konvoa ya magari ya wasoldati, ni vumbi, halafu wanatuambia turudi kesho. Uende peke yako." Hukukasirika. Ulifunga koti tu, ukasema, "Bon. Upumzike." Ukaenda. Walikuketisha kwenye benchi mchana kutwa. Siku ya pili, ukiwa njiani kuelekea nyumbani kwako Butembo, presha ikakupanda ndani ya gari, na nilipofika hospitalini mke wako alikuwa amekwisha kukufunika uso.

Baada ya mazishi mke wako alinipa faili yako ya kijani. "Alisema hii ni yako." Niliitia chini ya kitanda. Miezi mitatu, Prefe, sikuifungua. Nilifundisha, nilikula, nililala. Mama Kavira nilimkimbia. Nikiona beseni lake la majani ya sombe sokoni, nilipinda kwenye kichochoro cha famasi.

Siku moja aliningojea kwenye kichochoro chenyewe. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Mwalimu, miye sikuje kukuuliza mambo ya karatasi. Nilitaka kukupatia pole ya Prefe. Weye unanikimbia juu ya nini?" Akatia mafungu mawili ya sombe kwenye mfuko wangu, akaenda zake. Nilirudi nyumbani, nikavuta faili; ndani zilikuwa karatasi za watoto saba na nakala yako ya mapatano.

Mapano yalikuwa bado Kasindi wakati huo. Wakubwa wa pande mbili walikuwa wanakuja kuyagawa, na kila shule itume mtu wa kutia sahihi. Nilimchukua Kavira. Tulingoja konvoa ya wasoldati tangu asubuhi, tukafika mavazi yetu yamekuwa mekundu kwa vumbi. Hotuba zilikuwa ndefu. Walipoita jina la shule yetu, nilimshika mtoto mkono, tukaenda wote mpaka mezani.

Nikasema sitatia sahihi kwanza. Sijui nilitoa wapi hiyo sauti. Nikasema, "Nina mutoto hapa. Naye yumo ndani ya mapatano."

Mkubwa mmoja wa upande wetu akanitazama kama mtu aliyekanyaga mkeka wake na viatu. "Mwalimu, leo ni siku ya mapano, hapana ya batoto."

Nikafungua nakala yako. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo. Nikamwonyesha: mapano yako juu, watoto wako chini yake, ukurasa uleule. Nikasoma kwa Kifaransa. Nilipokwama, Kavira akaendelea kwa Kiingereza, bila kuangalia karatasi. Alikuwa ameikariri, Prefe. Wewe ulimpa lini nakala ya Kiingereza?

Mama mmoja wa upande wa Uganda, mwenye miwani, akaomba karatasi ya shule ya Kavira. Akamuuliza jina la mwalimu mkuu wake kule kambini, na rangi ya milango ya madarasa. Kavira akajibu. Yule mama akatabasamu kidogo. Alikuwa anaijua ile shule. Akaandika barua palepale kwa mkono wake, akaisukuma mbele ya mkubwa wetu. Huyo akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena, hata nikadhani nimepoteza mtoto na mapano yote pamoja. Kisha akatia sahihi na muhuri. "Huyu mumoja tu," akasema. "Bengine bapitie njia ya kawaida."

Njia ya kawaida. Wewe ulifia kwenye hiyo njia.

Kavira ameandikwa. Orodha ilipobandikwa ukutani alipitisha kidole juu ya jina lake mara mbili. Sikumwona akicheka. Akanigeukia: "Na benzangu?" Nilitaka kumfokea. Nilitaka siku moja tu ya kufurahi, moja! Lakini lilikuwa swali ambalo wewe ungeuliza.

Maana bado ni sita, na wa sita, Biira, hayupo tena darasani. Alichoka kungoja, akaenda kwa shangazi yake Oicha kuvuna kakao. Nilimlaumu, halafu nikakumbuka mimi ni nani hata nimlaumu mtu kwa kuchoka.

Jumapili nilikuja Butembo baada ya misa, nikakaa karibu na kaburi lako. Watoto wako wamepanda maua ya njano, na mke wako anasema nimekonda. Anakusalimu, kama wewe husikii salamu zake mwenyewe kila siku.

Prefe, siwezi kukuahidi kwamba tutashinda. Ningeahidi hivyo ungejua naongopa. Nakuahidi safari tu. Faili za wale watano nimeziandika upya, na mwezi ujao nitakaa kwenye benchi mpaka wanichoke. Lakini kwanza nitapanda kwenda Oicha, niingie kwenye shamba hilo la kakao, nimtafute Biira, nimwambie kwamba jina lake sijalifuta.

Ulale salama, mwalimu wangu.

Masika