Dizeli ya Kumfikia Shangazi

Jumatano, 6 Agosti 2025

Shangazi Zipora kapiga simu! Kapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, sauti inakatika-katika. Tangu mumewe afariki shemeji zake wanataka kumhamishia kwao, Tabora. Lori lao la Fuso linakuja Jumapili kubeba vitu. Yeye hataki. Anataka kurudi Makutupora kwa kaka yake. Njooni mnichukue kabla ya Jumapili, kasema, nikishapelekwa huko sitatoka tena. Mtandao ukakata.

Baba alikuwa anakunywa chai. Kaweka kikombe chini. Zabibu shambani zinaiva, wachumaji ameshawaita, lakini anasema tunaondoka.

Kijiji anachoishi kiko ng'ambo ya Rungwa, porini kabisa. Kaka Stanley anatuazima Hilux yake. Mwenyewe hawezi kutoka, ana banda kwenye maonyesho ya Nane Nane. Kwa hiyo dereva ni mimi. Mimi! Mwalimu wa jiografia ambaye hajawahi kuvuka Manyoni.

Alhamisi, 7 Agosti

Siku nzima nimepanga mafuta. Kujaza tanki Dodoma. Kuongeza Manyoni, hata kama halijapungua. Kuongeza Itigi. Baada ya Itigi, Stanley anasema, usitegemee pampu. Huko dizeli inauzwa kwa lita madukani, na ukikuta imekwisha, imekwisha. Kaleta dumu moja la dizeli ya akiba, kaliweka ghalani kwa Baba.

Baba naye anasema haendi kwa dada yake mikono mitupu. Anabeba dumu la divai yake. Sawa, Baba. Madumu yote mawili kapakia mwenyewe, kafunga kamba, hataki kusaidiwa.

Ijumaa, 8 Agosti
Itigi, gesti

Nimeendesha! Bila kugusa mtu wala mbuzi!

Dodoma tulitoka alfajiri, tukapita Zuzu bado giza. Manyoni nikaongeza mafuta kama mpango ulivyosema. Halafu ukaanza huu msitu wa vichaka. Nimeufundisha mara ngapi darasani? Lakini kuuona! Umesukana pande zote mbili, huwezi kuona hatua tatu ndani, na unaendelea, unaendelea. Baba, kofia mapajani, alikuwa anatazama nje. Kisha kaniuliza: kwani nchi hii inaishia wapi? Nikabadilisha gia.

Itigi pampu kavu. Muuzaji anasema mzigo haujaja, labda Jumatatu. Jumatatu! Nimepiga hesabu upya kitandani. Tanki pamoja na dumu vinatufikisha. Ya kurudia tutatafuta madukani njiani. Naogopa, lakini sijamwambia Baba.

Jumamosi, 9 Agosti
Mchana, porini, tumeshapita Rungwa

Tumesimama. Niandike yaliyotokea.

Mitundu, kabla ya Rungwa, dukani, dizeli ilikwisha jana. Wamenionyesha ndoo tupu, wanacheka. Na barabara si ile ya hesabu zangu. Hesabu ni za lami. Hapa ni mchanga, gari linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi. Taa ya mafuta imewaka kabla ya wakati wake. Sawa, dumu lipo. Nikaweka mpira wa kujazia, nikafungua kifuniko.

Harufu ya zabibu.

Nikafungua la pili. Zabibu!

Baba kachungulia, kavua kofia. Ghalani madumu yote ni ya njano; la dizeli limebaki huko. Anasema aliyanusa kwanza, yote mawili, wallahi – Baba, mzee wa kanisa, kaapa wallahi! Lakini ghala lile miaka yote linanuka divai mpaka kwenye kuta. Humo ndani hata dizeli inanuka divai.

Nilitaka kulia. Nikacheka. Kicheko kilipoisha, ndipo nikausikia ukimya wa pale. Hakuna injini, hakuna mtu, hakuna jogoo. Miti ya miyombo tu, majani mekundu, na anga. Nimefundisha kwamba Tanzania ni kilomita za mraba laki tisa na ushee. Mwanafunzi anakariri, nampa vema. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui nasema nini. Nimejiona mdogo mno, na ajabu, sikuchukia.

Baadaye kidogo

Lori! La asali, linatoka kusini. Dereva anaitwa Yahaya, Mrangi wa Kondoa, Mwislamu. Kamwamkia Baba shikamoo kwa heshima zote, kasikia lafudhi yake ya Kigogo, kisha kanusa hewa.

"Mzee, Wagogo siku hizi magari yenu mnayanywesha divai?"

Kanyonya dizeli kwa mpira kutoka tanki lake, ikamwingia mdomoni. Baba, kwa huruma, akamwinulia dumu la divai asukutue.

"Bora niimeze hii dizeli, mzee wangu!"

Tumecheka sote. Nilipomtajia tuendako, kanivuta pembeni. Leo asubuhi, kwenye kijiji tunachokwenda, kaacha Fuso linapakia vitanda vya mama mmoja mjane. Leo! Si Jumapili. Litapita barabara hii hii hadi Rungwa, ndipo likate kwenda Tabora. Na dizeli aliyotupa, hawezi kuongeza, naye ana safari. Inatosha kurudi Rungwa mkalale salama, kasema. Mkienda mbele, sijui mtarudi na nini.

Nikamtazama Baba. Alikuwa ameshapanda gari na kufunga mlango.

Mbele.

Alasiri, barabarani

Tembo.

Nimezima gari. Wanavuka, nimeacha kuhesabu. Wakubwa kuliko Hilux. Watoto wanakimbia chini ya matumbo ya mama zao. Miguu haitoi sauti hata kidogo! Mungu wangu. Siwezi kufumba macho.

Na ng'ambo yao, Fuso. Limesimama, linasubiri kama sisi. Limejaa vitanda na magodoro, na juu kabisa ameketi mwanamke.

Baba anasema ni yeye. Nauliza umemjuaje kwa umbali huu. Kafungua mlango, nimemdaka shati, shati limenitoka. Kapanda nyuma ya gari, anamsalimu Kigogo.

"Mbukwa, Zipora! Mbukwa!"

Baba, tembo! Jike mmoja kageuka, masikio yote mawili wazi. Amesimama anatutazama. Sasa kainamisha kichwa, kaendelea.

Kule juu yule mwanamke amenyanyuka. Kainama. Nilidhani anajificha tembo wasimwone. Hapana – anafungua kamba za mzigo.

Kasukuma godoro, limeanguka barabarani, vumbi juu: anashusha vitu vyake, aje nasi. Shemeji yake katoa kichwa dirishani, anafoka, mlango hathubutu kufungua. Tembo bado wanapita katikati. Baba analia waziwazi, ananiambia fungua nyuma, Hilda, fungua. Dizeli ya kuturudisha sote sina.

Godoro la pili –