Mashine Uliyomuuzia Bosi Wangu

Mdogo wangu,

Huku tunaendelea, na miguu ya Mama imeanza kupungua uvimbe.

Ile mashine yako ya kuandika programu imeshika kazi yote ofisini. Inaandika mbiombio kama mtu anayekimbizwa, na haijui inaandika nini. Wenzangu wawili wamefukuzwa. Nikisema nisome kwanza, bosi ananijia juu: "Unatuchelewesha! Mdogo wako mwenyewe kasema haikosei."

Juzijuzi iliandika upya programu ya miadi ya hospitali anakotibiwa Mama. Niliomba muda wa kuipima, nikanyimwa. Jumatatu Mama alikwenda kusafishwa damu, akaambiwa jina lake halimo kwenye orodha ya miadi. Alikaa kwenye benchi mpaka jioni, akarudishwa nyumbani. Kulipokucha tulimbeba kumrudisha hospitali, hawezi hata kupumua.

Bado amelazwa. Mimi nimeacha kazi, na sababu nimemwambia bosi mbele ya watu wote. Wewe nawe, usinitumie tena video zako za kusifu akili bandia.

Mama anawatambia wauguzi kwamba mwanawe anauza mashine zenye akili kuliko watu. Nimeshindwa kumwambia. Njoo umwambie mwenyewe.

Ni mimi, dada yako, bado nina hasira.