Tumechagua Kusini

Kwa dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo ulipo, nyuma ya kaunta ya duka la dawa, katikati ya wateja wanaokohoa. U hali gani? Mgongo je, bado unakusumbua ukisimama kutwa? Na shangazi anaendeleaje na miguu yake, au bado anaitibu kwa kuilalamikia? Sisi huku tu wazima, ila tumechoka. Mama anasema uchovu si ugonjwa, kwa hiyo niandike kwamba hatujambo. Basi hatujambo.

Barua yako niliipata. Nilicheka sana uliposema mwenye duka amekukatia pasipoti ili uwe unamfuatia mizigo ya dawa nchi jirani, na kwamba kwenye picha umetoka kama mtu anayetafutwa na polisi. Pale mwishoni ulipoandika nimsalimie mwenye nyumba wangu, kama unavyomwita mama siku hizi, nilimsomea kama ilivyo, maana hapendi nimrukishie kitu. Alisema nikujibu kwamba mwenye nyumba hajambo na kodi haijapanda. Halafu akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Sasa nikueleze yaliyonifanya nishike kalamu mapema kuliko kawaida yangu.

Kama unavyojua, kwenye makaratasi sisi ni watalii. Ruhusa yetu ya kukaa ni ya miezi mitatu, na kila inapokaribia kwisha inabidi tutoke, tuingie nchi jirani, tugongewe muhuri, kisha turudi tuanze upya kama wageni waliofika jana. Mama ni mtalii anayefua mashuka ya watalii wenzake, chini kabisa ya hoteli, kwenye chumba kisicho na dirisha. Zamani alikuwa anawauliza watu twende wapi. Safari hii kanikabidhi mimi. Alisema amelipia vitabu miaka yote hii, sasa na vyenyewe vianze kumlipa. Nikaichukua kazi hiyo kama zoezi la shuleni. Nilichora ramani nyuma ya kalenda ya zamani, nikaitundika juu ya jiko, na kila aliyepita kwetu akawa na la kusema.

Kinyozi wa pale chini alisema twende mashariki na tusipoteze muda. Kwake mashariki ni kama kwenda chooni: unaingia, unatoka, hakuna anayekuuliza ulikuwa unafanya nini. Basi linaondoka asubuhi na jioni umesharudi kwako. Mama alimjibu kwamba yeye huwa hapokei ushauri wa kinyozi mwenye upara, lakini huo atauweka akiba.

Mpiga pasi wa kazini kwa mama, yule mzee anayezungumza na mashati, aliipigia debe kaskazini. Kaskazini kuna utaratibu, alisema, foleni zao zimenyooka kama mikunjo ya suruali. Lakini kaskazini hawagongi muhuri, wanabandika karatasi inayomeza ukurasa mzima, na pasipoti ya mama imebakiza kurasa za kuhesabika. Wakibandika mara mbili tatu, atabaki na jalada.

Hakuna aliyetaja kusini. Fundi cherehani wa ghorofa ya juu alipoona nimechora kusini kwenye ramani alisema neno moja tu, kwamba nifute. Kwenda kusini si taabu, taabu ni kurudi. Mwaka jana tulipita huko, na wakati wa kurudi yule ofisa wa dirishani aliifunua pasipoti ya mama ukurasa kwa ukurasa, kisha akamwuliza, kwa muda wote huu aliotalii, ni kivutio gani kimemfurahisha zaidi. Mama aliniambia baadaye kwamba nusura aseme mashuka. Akasema makumbusho. Ofisa akauliza ndani ya makumbusho kuna nini. Mama akasema kuna vitu vya zamani. Watu wa foleni walicheka. Ofisa hakucheka. Aligonga muhuri taratibu, akamwambia mama safari nyingine aje na jibu lililoshiba, la sivyo asijisumbue.

Kwa hiyo, dada, kuchagua hakukuwa na ugumu wowote. Mtoto wa chekechea angechagua mashariki. Tatizo lilikuwa tarehe. Ruhusa yetu inakwisha katikati ya mtihani wangu wa mwisho, na kabla ya hapo mama asingepata likizo, kwa sababu hoteli imejaa na msimamizi wao akisikia neno likizo hujifanya kiziwi. Nikapata wazo nililoliona la busara sana. Tusiende popote mpaka nimalize mtihani. Tutakuwa tumepitisha muda kwa siku chache, tutalipa faini, basi.

Nilimwambia mama Jumamosi, nilipokwenda kumsaidia kukunja. Sijui kama umewahi kukunja mashuka makubwa. Hukunji peke yako. Mmoja anashika ncha mbili huku, mwingine mbili kule, mnalivuta likanyooka, halafu mnatembea kukutana, unampa mwenzako ncha zako, mnarudi nyuma tena. Nilisema neno langu tukiwa tumelivuta. Nilitegemea aseme faini ni kubwa, au aseme nina akili. Hakuja katikati. Alisimama pale na ncha zake mbili mikononi mpaka nikadhani hakunisikia kwa kelele za mashine, nikarudia.

Ndipo akaniambia kwamba mtihani mmoja alishawahi kuusubiri.

Aliyoyasema baada ya hapo aliyasema kidogo kidogo. Tukikutana katikati anasema, tukiachana ananyamaza, anasubiri shuka lingine. Nakuandikia kwa mpangilio, ila hayakuja kwa mpangilio.

Ule mwaka tuliosafiri, wewe ulikuwa darasa la saba. Karatasi za safari zilikuwa na majina matatu: la mama, lako na langu. Zilikuwa tayari muda mrefu kabla hujafanya mtihani, na kazi huku ilikuwa inamngoja. Lakini mama alikuwa akikuona unavyosoma mpaka unalala na kitabu shavuni, akaona mtoto hang'olewi mlangoni mwa mtihani. Akaomba kazi imngojee kidogo. Akasubiri umalize. Katikati ya kusubiri huko, ukatimiza umri. Hakujua kama kuna umri. Alipokwenda dirishani kuchukua muhuri wa mwisho, karani alisoma tarehe yako ya kuzaliwa, akahesabu kwa vidole, kisha akachora mstari juu ya jina lako. Alisema binti huyu ameshakua, hawezi tena kusafiri chini ya pasipoti ya mzazi, aombe ya kwake na apange foleni yake. Foleni yenyewe ilikuwa ya miezi, na kazi ilikuwa imeshachoka kungoja. Mama alijiambia atatangulia, atakuita mwaka usiishe. Hakujua kwamba mtalii hana haki ya kumwita mtu.

Nilimwuliza kwa nini basi alikwambia kwamba anaweza kumudu mtoto mmoja tu, na kwamba amemchagua mdogo. Maneno hayo nayajua kwako, dada. Umeniandikia mara nyingi, na mara nyingine bila kuyaandika.

Aliniuliza ningetaka amwambie nini mtoto aliyeongoza shule nzima. Amwambie ni ule mtihani wako ndio uliokufungia mlango? Aliona ungeuchukia mtihani, na baada ya mtihani ungevichukia vitabu, na baada ya vitabu ungejichukia mwenyewe. Akaona ni heri umchukie yeye. Alisema yeye ana mgongo, na wasimamizi wameshamzoeza kuchukiwa. Alifikiri atakueleza ukikua. Lakini neno likikaa sana mdomoni linakuwa zito, na kila barua yako ilipokuja kavu, uzito wake ukawa unaongezeka.

Kisha akaniambia nishike ncha vizuri, naburuza shuka chini. Tukamaliza rundo lote.

Jumatatu alikwenda kwa msimamizi. Nasikia safari hii uziwi ulimtoka, maana mama alimwambia ama ampe siku nne ama atafute mtu mwingine wa kufua, na hakuna mtu mwingine anayekitaka chumba kile. Alirudi nyumbani na siku zake nne kabla ya mtihani wangu kuanza, akaniambia nipange nguo za mashariki.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado linanishangaza. Unanijua mimi si mtu wa kubishana. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua hunyamaza, nikisubiri mwingine alikosee kwanza. Lakini nilisimama mbele ya ile ramani nikamwuliza mama kama pasipoti yako inaweza kuingia mashariki. Akasema mpaka uombe viza. Kaskazini je? Vilevile. Sikumwuliza kusini. Tunajua wote wawili kwamba kusini ndiko unakofuata dawa, na kwamba watu wa kwetu wanapita pale kwa salamu tu.

Mama aliketi kitandani. Alivua kiatu kimoja, kingine akakisahau mguuni. Alisema kusini wanaweza kutukatalia kurudi, na wakitukatalia mtihani utanipita, na yeye hataki mtoto wa pili wa kumdai mtihani. Nikamwambia nimeshachagua, na kwamba kazi hiyo alinipa yeye. Akaniuliza kama nadhani utakuja. Nilisema sijui. Alisema nisikulazimishe, niandike tu kwamba tutapita.

Basi, dada, tutapita. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao tutakuwa kwenye mji ule wa mpakani, kwenye nyumba ya wageni iliyo mkabala na kituo cha mabasi. Fundi cherehani anasema utaijua kwa ngazi zake za nje na mbwa mvivu asiyeondoka njiani. Tutalala usiku mmoja, na Jumapili mchana tutapanda basi la kurudi kwenye lango la mpaka. Kama mwenye duka ana mzigo wowote wa kufuatwa, mkumbushe. Kama hana, mtungie.

Mama hajui kwamba nimekuandikia yale ya mashuka. Hakunikataza. Mimi nami sikumwuliza, kwa kuogopa atanikataza. Ukija, usianze nayo. Atakupokea kwa utani, kama kawaida yake, atakwambia umenenepa au umekonda, lolote litakalomjia. Mwache. Amezeeka kuliko sauti yake. Mikono yake imechubuka kwa sabuni, na akisalimiana na watu huwa anaificha, kwa hiyo akichelewa kukupa mkono usidhani amekununia.

Sikufichi kwamba naogopa lile dirisha. Nimefanya ninachokiweza. Jumapili iliyopita nilikwenda makumbusho, nikasoma kila kibao, nikanakili, na sasa kila jioni namsomesha mama chumba kwa chumba. Alianza kwa kulalamika. Siku hizi ananisahihisha. Kuna chungu kimoja chenye ufa, amekipenda bila kukiona, na jana alimweleza kinyozi habari zake mpaka kinyozi akaomba aruhusiwe kufunga duka. Ofisa akimwuliza tena kuna nini ndani, nadhani ofisa mwenyewe ndiye atakayeomba tumwache apumzike. Lakini huenda asimwulize. Huenda akafunga tu pasipoti na kuirudisha. Mama anajua hivyo, na mimi najua, na tumekwisha kukata tikiti.

Shuleni nimeuliza. Mwanafunzi asipofanya mtihani mwaka huu anaruhusiwa kuufanya mwaka ujao, na wala hakuna ubaya. Kuhusu wewe na mama sikupata wa kumwuliza.

Nifikishie salamu kwa shangazi, mwambie ile dawa ya miguu nitamletea nikifaulu kuikumbuka. Wasalimie majirani wanaonikumbuka, na wasionikumbuka usiwasumbue. Mwenye nyumba wangu anakusalimu. Safari hii hakunituma, lakini amepita nyuma yangu mara tatu akiuliza kama karatasi inatosha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kamusi