Kikombe cha Wawira

Alhamisi jioni, Manyatta

Leo ulimi wangu umenidanganya. Tangu asubuhi naonja divai yangu ya matundadamu, natia asali kwenye jagi kijiko kwa kijiko, na bado naiona chachu. Kumbe kila nikionja nimetoka kutafuna muwa!

Na hakuna mama huku anayenishinda kwa divai, hilo nalisema bila haya. Lakini Jumamosi wakwe wanakuja. Binti yangu Wawira, mwalimu mzima, ndiye atakayeonja kwanza mbele ya wazee, kisha ampe baba yake kikombe. Wawira akinywa, amekubali kuolewa. Akikunja uso je? Watasema tumemlazimisha. Huo uso nimeuogopa wiki nzima.

Nikasukutua mdomo, nikaketi mlangoni. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani ya chai, na divai ikatulia kwenye glasi mkononi mwangu, nyekundu kama... sijui. Kama jua likilala.

Wawira akatoka jikoni, akachukua jagi lingine ambalo sijalitia asali hata tone. Akajimiminia, akagugumia.

"Ngoja wewe, hiyo ni kali!"

"Ni tamu, mama," akasema, akiangalia barabara ambayo mchumba wake hupitia. Uso haukukunjika hata kidogo.

Basi asali nimeifunika. Jumamosi atakunywa ile ile kali.

Jagi nililotia asali nimelificha chini ya kitanda. Hilo ni langu, la siku nyumba itakuwa kimya.